Kujaza wino riboni ya dot matriksi mwenyewe, inalipa au ntaua printa?

muuza_mabati
Wakuu habari za saa hizi. Nna duka la vifaa vya ujenzi, invoisi na dilivari noti natoa kwenye Epson LQ-310, printa ya dot matriksi inayogonga pini kwenye riboni (utepe wa kitambaa wenye wino), zile karatasi za kopi tatu, nyeupe pinki na njano. Sasa msimu huu wa kiangazi watu wanajenga sana na riboni zinaisha chapchap, orijino bei imechangamka na zile feki unafunga leo baada ya muda mfupi maandishi yashapauka. Nasikia kuna watu wanafungua kile kikasha wanadondoshea wino wa muhuri maisha yanaendelea, wengine wanasema wanapulizia WD-40, ile dawa ya kulegezea kutu. Aliyewahi kufanya aniambie ukweli. Na kitu kingine kinanichanganya, nakala ya juu anayopewa mteja haisomeki ila pinki na njano za chini ziko freshi tu, inakuwaje hapo?

Kinyozi wa Data
Mi natumia wino wa muhuri kwenye printa yangu Epson LX-300 miaka na miaka mkuu, nadondoshea jioni asubuhi nachapa, sijawahi kuona tatizo. Hawa mafundi wanatutisha ili tununue.

fundi_pini
@muuza_mabati nianze na hizo kopi za chini. Zile karatasi za chini hazitumii wino wa riboni kabisa, mgongoni mwa karatasi ya juu kuna vifuko vidogo sana vya rangi, pini ikigonga vinapasuka na maandishi yanatokea. Kwahiyo kama pinki inasomeka maana yake pini zako zinagonga vizuri tu, kilichochoka ni riboni. Ingekuwa hata za chini zimefifia ningekwambia kaangalie kile kileva cha unene wa karatasi kimewekwa namba ngapi, au hedi yenyewe, kile kichwa kinachobeba pini.

Sasa wino. Wino wa riboni una mafuta, haukauki ovyo, na ndo huo huo unaolainisha pini zikitoka na kurudi. Wino wa muhuri mwingi wa madukani ni maji na gliserini, unaingia kwenye vitundu vya hedi unaganda na vumbi la karatasi, siku moja pini inagoma kurudi ndani, hedi inakimbia na pini iko nje inanasa kwenye kitambaa, inapinda au inakatika kabisa. @Kinyozi wa Data we unatumia LX, ile ina pini 9 nene nene inavumilia. LQ ina pini 24, kila moja kama milimita 0.2, haina huo uvumilivu, na hedi yake bei yake unanunua riboni mpaka uchoke. Wino wa printa za inkijeti ndo usiuguse kabisa.

WD-40 inafanya kazi ila haiongezi wino hata tone, watu wengi hawaelewi hapo. Pini zinagonga sehemu ile ile ya utepe, wino wa pembeni unabaki haujaguswa, yale mafuta mepesi yanausambaza urudi katikati. Bandua mfuniko wa kikasha taratibu kwa bisibisi bapa kwenye zile kucha za plastiki, utepe usiunyanyue maana umejikunja humo ndani ukichomoka utakesha nao, pulizia kidogo tu juu ya lile rundo, rudishia mfuniko, weka kwenye kopo lililofungwa usiku kucha. Asubuhi uache wazi mpaka harufu ikate ndo ufunge kwenye printa, ile dawa inashika moto na hedi ikichapa sana inachemka. Riboni moja inakubali hivyo mara moja, mbili ukibahatika. Na kabla hujahangaika ushike utepe kwenye mwanga, ukiona vitundu au nyuzi zimechomoza tupa, pini itanasa humo.

Mama Risiti
Naongezea upande wa mahesabu. Kumbukumbu za kodi unatakiwa ukae nazo miaka 5, na wino wa muhuri ukikaa karibu na dirisha unafifia vibaya. Siku wakaguzi wamekuja unawaonyesha karatasi nyeupe utaeleza nini. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, sawa ina risiti zake za joto, hiyo haina riboni, ila invoisi na dilivari noti bado wataziomba.

duka_la_stika
Samahani naingilia, hii ya kwangu ya stika za bei yenye utepe mweusi unaong'aa nayo inajazwa?

fundi_pini
Hapana dada, hiyo ni filamu ya nta, ikishapita kwenye joto rangi yote imehamia kwenye stika. Sawa na zile riboni za taipureta za plastiki, zinazojazwa ni za kitambaa tu.

muuza_mabati
Nimekuelewa fundi, asante sana, wino wa muhuri naachana nao. Ila WD-40 nayo ikigoma ndo nirudi kwenye orijino tu, hamna njia ya kati?

fundi_pini
Ipo, nunua utepe mtupu bila kikasha, unakuja umeshatiwa wino wa kiwandani na ncha zimeunganishwa, bei iko chini sana. Nenda na kikasha chako dukani mlinganishe upana na urefu. Ila kabla hujautoa wa zamani upige picha ulivyopita, kwasababu baadhi ya vikasha utepe umegeuzwa nusu mzunguko makusudi ili ukimaliza raundi moja upande wa chini uwe juu, usipougeuza hivyo unatumia nusu tu ya riboni. Na ule mpira au sponji inayobana pale kwenye gia usiipoteze, bila hiyo utepe hautembei, printa inagonga sehemu moja mpaka inatoboa. Vaa glovu, huo wino kucha zako utakuwa nao wiki nzima.