"Mstari mwekundu": kweli umetoka vitani?

Kidau wa Wete
Assalam alaykum. Siku hizi hotuba haimaliziki bila "mstari mwekundu", iwe ya Bara au ya Visiwani. Inasemwa umetoka jeshi la Waingereza, vita vya Crimea. Kuna ushahidi, au ni maneno ya barazani?

Maalim wa Vuga
Waalaykum salaam. Crimea tuiweke kando. Kweli, tarehe 25 Oktoba 1854 huko Balaklava, kikosi cha 93 cha Waskoti chini ya Colin Campbell kilijipanga safu mbili tu, makoti mekundu, kikawarudisha nyuma wapandafarasi wa Kirusi. Mwandishi William Howard Russell akakifananisha na mchirizi mwembamba mwekundu wenye ncha ya chuma. Lakini mstari ule ni watu waliosimama kuzuia. Mwanasiasa wa leo anakusudia mpaka ambao mwengine akiuvuka ataadhibiwa. Rangi moja, maana mbali mbali.

Bint Mkoani
Kuna na wanaoshikilia mkataba wa mafuta wa tarehe 31 Julai 1928. Husimuliwa kuwa Calouste Gulbenkian, mfanyabiashara wa mafuta, aliizungushia kalamu nyekundu iliyokuwa dola ya Uthmaniya kwenye ramani, na makampuni yakakubaliana kutotafuta mafuta humo kila moja kivyake. Huo ni mpaka hasa, ila wa wafanyabiashara, askari hamna. Mie naupa nguvu mwaka 1976, Israel ilipoiwekea Syria mipaka ya majeshi yake ndani ya Lebanon. Hapo maana inalingana na jeshi limo.

Kidau wa Wete
Kwa hiyo kabla ya hapo jambo lenyewe halikuwapo?

Maalim wa Vuga
Lilikuwapo, tena hapa hapa Mjini Unguja. Tarehe 27 Agosti 1896 Seyyid Khalid bin Barghash, aliyejitawaza sultani, alipewa na Waingereza hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera na atoke kasrini, la sivyo atapigwa mizinga. Saa tatu na dakika mbili manowari zikafyatua, na saa nzima haikutimia vita vikaisha. Hakuna aliyeuita mstari mwekundu, lakini sharti na adhabu vilitajwa waziwazi. Obama mwaka 2012 alitaja sharti, silaha za kemikali za Syria, adhabu akaiacha juu juu. Agosti 2013 Ghouta, kando ya Damascus, ikapigwa kwa sumu, na Marekani ikaishia kwenye makubaliano ya kuziondoa silaha hizo.

Bint Mkoani
Na wengi wa majukwaani kwetu hata sharti hawalitaji.