Mahindi yamezuiwa mpakani: niende Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, moja kwa moja?

Wakuu, naomba ushauri. Nauza mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Mwezi uliopita mzigo wangu ulizuiwa ng'ambo, upande wa Kenya, na cheti cha uasilia (cha kuonyesha mahindi yametoka Uganda) kina muhuri kabisa. Magunia ya chini yameshaota ukungu.

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inaniruhusu kushtaki Arusha bila kupitia kwanza mahakama za ndani, ila ndani ya miezi miwili tu (wakili mwenyewe hapatikani!). Uganda ilishindwa huko 2007, kesi ya Katabazi (washtakiwa waliokamatwa tena baada ya kupewa dhamana), kwa hiyo mahakama hiyo meno inayo.

Kinachonitia wasiwasi ni fidia: ibara ya 44 inasema hukumu ya kulipa pesa hutekelezwa kwa taratibu za nchi inakotekelezwa. Mganda nitakaziaje hukumu ugenini? Na masijala ndogo (ofisi ya kupokelea kesi) ya mahakama hiyo Kampala, aliyeitumia alihudumiwaje?