Kuniambia fanksheni yangu NAJISI mbele ya shemeji yangu!!

Nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe.

Yule bwana mnamjua. Simtaji. Yule ambaye ukimwambia "sabalkheri" anakujibu kwa Haskell, ile lugha yake ya kuandikia programu. Kuanzia Bububu mpaka Fumba hakuna mwandika programu ambaye hajakalishwa kitako na yule bwana akaambiwa lugha yake ni ya watoto.

Leo baada ya laasiri naonyesha programu yangu ya tiketi za boti. Miezi mitatu sijalala. Projekta inawaka, vijana wanaojifunza wamejaa mpaka mlangoni, na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kaja kwa mguu wake, maana tangu harusi anauliza mie kazi yangu hasa ni ipi. Nikafungua fanksheni ya nauli. Unaipa idadi ya abiria, inakupa pesa ya kulipa. Ndani yake inaangalia saa ya kompyuta, kwa sababu safari ya asubuhi ina bei yake na ya jioni ina bei yake. Biashara ndivyo ilivyo!

Akainuka. Akavua miwani. Kwa sauti ya khatibu kabisa: "Hii fanksheni najisi. Ikaoshwe mara saba, moja kwa udongo."

NAJISI! Mara saba! Kama sufuria lililorambwa na mbwa! Jamani, neno hilo hapa kwetu mtu halisemi hata kwa adui yake.

Sijakaa sawa, kahamia kwenye orodha yangu ya bandari. Nimeiandika const, imo kwenye kanuni za JavaScript, lugha niliyoandikia programu, tangu 2015, mtu yeyote akiisoma anaelewa kitu hiki ni thabiti. Akaishika kompyuta YANGU, akasukumiza Mkokotoni ndani ya orodha, ikaingia. Akawageukia vijana: "Thabiti gani hii inayopokea wageni?" Wakacheka mpaka feni likasimama.

Shemeji hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyekuta mjusi kwenye pilau. Kuondoka kaniaga kwa mbali, mkono hakunipa. Mkono hakunipa! Sasa hivi keshafika kwa mama mkwe keshasema mie nafanya kazi ya najisi.

Najua anachokitaka. Fanksheni safi ukiipa kitu kile kile inajibu kile kile, leo na kesho, na haigusi kitu nje. Angesema "hii inategemea saa", ningemsikiliza. Lakini boti inaondoka kwa saa! Fanksheni isipoisoma saa, nani ataisoma, malaika? Na kwa nini udongo?

---

Karafuu Mbichi: Pole sana kaka. Ila "moja kwa udongo" nimecheka nimemwaga uji.

Yakhe wa Mkoani: Pole kwa shemeji, lakini yakhe, ni najisi kweli. Abiria watatu asubuhi jibu hili, abiria watatu jioni jibu lile. Ipe saa mlangoni: nauli(abiria, saa). Saa isomwe huko nje mara moja, ndani iingie kama namba. Ishatoharika hiyo, tena bila udongo. Na hata kuijaribu utaijaribu saa nne za usiku kwa bei ya asubuhi.

Mleta mada: Na wewe unasema najisi?? Uzi mzima nalilia neno hilo hilo!

Bint Makunduchi: Wewe una bahati. Mie alinikuta na x = x + 1, yaani chukua x ya zamani uongeze moja, akaniambia kaiandike kwenye Haskell. Nikaandika, ikapokea kimya kimya, nikaomba jibu, kompyuta ikaganda. Kumbe kule alama ya sawasawa ni sawasawa ya hesabu za skuli, hakuna "x ya zamani". x inajitafuta yenyewe, haijipati. Alinicheka wiki nzima, mpaka muuza kahawa akawa ananiita Bi Jumlisha Moja.

Chaza Mkavu: Afadhali hiyo. Kuna lugha ya Erlang, waliyoitengeneza Ericsson kule Sweden kwa mitambo ya simu, X ikishakuwa 5 ni 5. Ukiandika X = 6 inakutupia kosa papo hapo kwamba hazilingani. Huko ndiko kuna thabiti.

Sufi wa Wete: Mleta mada ungeigandisha ile orodha kwa Object.freeze, Mkokotoni isingeingia. Ila inagandisha la juu tu, vilivyomo ndani ya vilivyomo vinabadilika kama kawaida.

Mleta mada: Sikuja kuuliza namna ya kugandisha. KANIAMBIA NAJISI MBELE YA SHEMEJI.

Yakhe wa Mkoani: Nijibu lile la malaika, maana lina maana. Kwenye lugha safi, fanksheni isiyopokea kitu ni konstanti tu, haina pa kutolea tofauti. Basi saa haiwezi kuwa fanksheni ya hivyo. Haskell wanakupa kitu cha aina ya IO, yaani agizo la kwenda kutazama saa. Mtoto unampa karatasi imeandikwa "sukari kilo moja". Karatasi haibadiliki hata ukiisoma mara mia, na chai haikolei kwa karatasi. Kinachobadilika ni safari ya dukani, na anayekwenda dukani ni main, pale programu inapoanzia.

Bint Makunduchi: Hili la karatasi angenieleza yule bwana nisingelia siku ile.

Pweza wa Darajani: Mnaijua const ya JavaScript ilipo? Kwa yule mama wa urojo. Bakuli lile lile, bei ile ile, jina lile lile. Ndani bajia zilikuwa nne, zikawa tatu, juzi nimekuta mbili na kachori ndogo kama kokwa ya zambarau.

Karafuu Mbichi: Hahaha! Jina halikubadilika, yaliyomo ndiyo yamekwenda!

Chaza Mkavu: Mama yupi, wa kule kona? Yule embe hatii kabisa. Ule maji ya unga.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada.

Sufi wa Wete: Urojo bila embe na ndimu ni dhulma. Mishikaki je?

Pweza wa Darajani: Mmoja, na unautafuta kwa kijiko.

Bint Makunduchi: Njooni Kikwajuni, kuna bibi bado anatia bajia nne na chatine ya nazi.

Karafuu Mbichi: Anafungua saa ngapi?

Bint Makunduchi: Baada ya magharibi. Wahini, ishaa ikiadhiniwa sufuria lishakauka.