Taa za Diwali zinazimika barazani

Mkaazi wa Makadara: Wajuzi, taa zangu za udongo za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, zinakausha mafuta upesi na kuzimika. Kulikoni?

Bi Utambi: Udongo mkavu hunywa mafuta. Ziloweke majini usiku kucha, zianike zikauke, ndipo utie samli au mafuta ya ufuta. Utambi wa pamba usokote ukaze, uuchovye wote, ncha itokeze kidogo tu. Ikizidi, masizi matupu.

Kaka Forodhani: Na upepo wa bahari je? Zisogeze nyuma ya ukuta wa baraza, mbali na pazia.

Bi Utambi: Naam. Tena msiwashe mchana! Lakshmi, mungu wa kike wa neema, hukaribishwa jua likishatua, usiku usio na mwezi, mlango umeshafagiliwa na kuchorwa rangoli, yale mapambo ya rangi ya sakafuni. Kwa Wagujarati, Wahindi wa Gujarat, mwaka mpya hufuata.