Springi ya pedeli ya klachi imekatika, fundi anataka kushusha gia boksi. Naombeni ushauri

MkulimaWaZabibu

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nina pikapu ya manuali, klachi yake ni ya mafuta, si ya waya. Naitumia kuleta zabibu mjini Dodoma kutoka Hombolo. Juzi asubuhi nimepakia matenga, nakaribia Ihumwa, nikasikia mlio "tang!" chini ya dashibodi na pedeli ya klachi ikalala. Haikwenda mpaka chini kabisa. Imeshuka kama vidole vitatu kutoka mahali pake na inachezacheza. Nikiikanyaga gia zinaingia, nikiachia gari linaondoka, ila pedeli hairudi juu mpaka niinyanyue kwa ncha ya kiatu.

Nilisimama pembeni nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye kapeti nikaokota kipande cha springi, kile chenye ndoano. Kipande kingine bado kinaning'inia kwenye pedeli. Nikaifunga pedeli kwa mpira wa kufungia mizigo, ule unaokatwa kwenye tyubu, nikafika nyumbani Nzuguni salama.

Jana nimepeleka gari kwa fundi. Hakuinama hata kutazama chini ya dashibodi. Ameikanyaga mara mbili, akasema klachi imekwisha, tushushe gia boksi tubadilishe pleti, presha pleti na beringi. Jumla laki nne na nusu. Msimu ndiyo kwanza umeanza, gari likilala gereji siku tatu zabibu zinaniozea. Na hela hiyo ndiyo ya kuwalipa wavunaji.

Springi peke yake inaweza kuleta hali hii? Naweza kubadilisha mwenyewe? Na huu mpira nitembee nao mpaka lini?

FundiMzee_Kikuyu

Marahaba kijana wangu, na pole. Usiruhusu gia boksi ishushwe kabla hujapima. Kwa ulivyoeleza, gia zinaingia na gari linaondoka, hiyo si dalili ya klachi iliyokufa.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Kwenye presha pleti kuna springi kubwa ya sahani. Hiyo ndiyo inayoirudisha klachi ishike, na ndiyo inayosukuma pedeli sehemu kubwa ya safari ya kurudi juu. Springi ndogo iliyokatika kazi yake ni kumalizia: inaivuta pedeli mpaka igote kwenye kizuizi chake. Ikikatika, pedeli inaishia njiani na kuchezacheza. Ni hicho hicho ulichokiandika.

Sasa pima. Zima gari, toa huo mpira, nyanyua pedeli kwa mkono mpaka igote juu. Isukume taratibu kwa kiganja. Milimita chache za mwanzo zinatakiwa ziwe nyepesi, kisha unakutana na uzito. Rudia mara tano. Uzito ukiwa palepale kila mara, mafuta yako hayana hewa. Ikizama kama sponji, au ikihitaji kupigwa mara tatu nne ndipo ishike, kuna hewa kwenye mafuta au tatizo liko kwenye masta, yaani pampu za mafuta ya klachi.

Kisha pitisha kidole nyuma ya pedeli, pale fimbo inapoingia kwenye masta ya juu. Pakiwa pamelowa, inavuja. Nenda pia kwenye masta ya chini, ubavuni mwa gia boksi, nyanyua kidogo mpira wake wa vumbi uone kama kuna majimaji. Mwisho, tafuta barabara tupu. Ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta. Injini ikipandisha mlio na gari lisifuate, hapo ndipo nitakubaliana na huyo fundi.

Mpira uondoe leo. Ukikatika ukiwa kwenye mwendo unaweza kunasa chini ya pedeli ya breki. Na hicho kipande kinachoning'inia kitoe pia, sababu ni hiyo hiyo.

DerevaWaMtera

Naongezea kwa yaliyonikuta. Mimi nilipuuza. Nilitembea wiki mbili na pedeli imelala, njia ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera, nikijiambia gari si linakwenda? Siku nimebeba alizeti, napanda mlima wa Nyang'oro, klachi ikaanza kuteleza. Injini inalia, gari halipandi, na harufu ya kuungua imejaa kabini.

Fundi wa Iringa alinielewesha. Pedeli isiporudi mpaka juu, kale katundu ka ndani ya masta kanakorudisha mafuta kwenye chupa ya mafuta ya klachi kanabaki kamezibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka na hayana pa kwenda, kwa hiyo yanaisukuma klachi kana kwamba umeikanyaga. Na beringi nayo inazunguka muda wote, haipumziki. Springi niliyoidharau ilinigharimu pleti na beringi. Mkuu, usipande mlima wala usibebe mzigo mpaka ubadilishe.

kijana_wa_nkuhungu

Kaka, weka springi ya stendi ya pikipiki, zinafanana na bei yake ni ndogo. Mshkaji wangu anatembelea hiyo.

FundiMzee_Kikuyu

Mwanangu, hapo sikubaliani na wewe. Springi ya stendi ni ngumu kupita kiasi. Itamchosha mguu dereva, itapinda ule mkono wa bati inaponing'inizwa, au itararua tundu lake. Na kuna magari ambayo springi ya klachi si ya kuvuta juu peke yake. Imepangwa ivute juu pedeli ikiwa juu, na ikivuka katikati isaidie kushuka. Ukiweka urefu mwingine unaharibu hesabu yote. Achukue vipande vyote viwili aende navyo dukani, alinganishe urefu, unene wa waya, idadi ya mizunguko na upande ndoano zinapoelekea.

MamaPikapu

Mdogo wangu, kubadilisha unaweza kabisa, mimi nilibadilisha yangu uani. Kazi ngumu ni moja tu: springi mpya ni fupi na kali, na chini ya dashibodi mkono haupati nguvu. Nilihangaika na plaizi saa nzima, ikachomoka ikanipiga kwenye kidole. Vaa miwani ya kinga, usifanye utani na macho.

Ujanja niliofundishwa ni wa sarafu. Kaa mezani, ipinde springi upande mmoja mizunguko ifunguke, ingiza sarafu katikati ya mizunguko. Pinda upande wa pili, ingiza nyingine. Ukiingiza kumi hivi, springi inabaki imenyooka na kurefuka yenyewe. Unaenda kuning'iniza ndoano zote mbili bila kuvuta. Ukishamaliza, kanyaga pedeli, springi inatanuka na sarafu zinadondoka zote. Zihesabu kabla na baada! Usiache hata moja kwenye kapeti. Washa za bati, zile pete zinazowekwa chini ya nati, zinafaa pia.

Usisahau grisi, kidogo, kwenye ndoano na kwenye pini ya pedeli.

MkulimaWaZabibu

Asanteni sana, natoa mrejesho.

Nimepima kama Mzee alivyoelekeza. Pedeli nikiinyanyua, uzito unakuja palepale mara zote tano. Masta ya juu pakavu, ya chini pakavu. Nimeenda barabara tupu, gia ya nne nimekanyaga mafuta, gari limevuta bila kuteleza. Kwa hiyo klachi ni nzima, na laki nne na nusu zimebaki mfukoni.

Halafu nimekiangalia vizuri kile kipande. Kimekatikia kwenye kona ya ndoano. Nusu ya mkato ni kahawia, ina kutu, na nusu nyingine inang'aa kama waya mpya. Maana yake ufa ulikuwepo muda mrefu, juzi ilimalizia tu. Na pini ya pedeli nimeikuta imekauka kabisa, imejaa vumbi jekundu lililoshikana kama udongo. Nadhani pedeli ilikuwa nzito kurudi na springi ikawa inabeba kazi isiyo yake.

Duka la kwanza walinipa springi ndefu kuliko ya kwangu, nikaikataa. Duka la tatu nikapata inayolingana mpaka ndoano. Nimesafisha pini, nimepaka grisi, nimetumia sarafu kumi na moja za shilingi hamsini. Dada, ilichukua dakika ishirini, na sarafu kumi na moja nimezihesabu zote. Pedeli sasa inagota juu kwa sauti, na ule wepesi wake wa mwanzo ni kama sentimita moja.

Swali la mwisho: mafuta ya kwenye chupa yamekuwa meusi kama chai ya rangi. Jirani anasema niongezee oili ya injini kidogo tu, ni sawa?

FundiMzee_Kikuyu

Hapana! Hata tone. Oili ya injini inavimbisha mipira ya ndani ya masta, na baada ya siku chache utanunua masta zote mbili. Soma kifuniko cha chupa. Kikisema DOT 3 weka DOT 3, kikisema DOT 4 weka DOT 4, na ununue kopo lililofungwa, maana mafuta haya yananyonya unyevu hewani. Yako ni ya kumwaga yote na kutoa hewa, si kuongezea. Mtu mmoja akanyage pedeli, mwingine afungue nati ya kutolea hewa kwenye masta ya chini, na chupa isikauke hata mara moja mpaka yatoke masafi. Magari mengine chupa hiyo ni moja na ya breki, kwa hiyo angalia kiwango chake vizuri.

Ukishamaliza, laza kadibodi chini ya gari usiku mmoja. Asubuhi itazame kama ina matone ya mafuta kabla hujaenda Hombolo.

MkulimaWaZabibu

Sawa Mzee, nimeelewa. Kopo nanunua kesho, mdogo wangu atakanyaga. Kadibodi nimeshaiweka kando.