Mtoto mchanga kulala kitanda kimoja na mzazi: wahudumu wa afya wakataze au wafundishe?

Mleta mada

Habari zenu wadau. Nina kichanga nyumbani, na kuna jambo naona tunalizungukazunguka bila kulisema wazi.

Kliniki unaambiwa neno moja tu: mtoto asilale kitandani kwako. Basi. Hakuna "na ikitokea je?" Unarudi nyumbani. Saa tisa usiku mtoto anataka kunyonya tena, mgongo umekufa ganzi, macho hayafunguki. Unajilaza naye titi likiwa mdomoni, na kinachofuata ni alfajiri. Ukirudi kliniki unaulizwa, "Mtoto analala wapi?" Unajibu, "Kitandani kwake." Muuguzi anaandika, wewe unashusha macho, na nyote wawili mnajua kilichoandikwa hapo ni uongo.

Wakubwa wa taaluma wenyewe hawasemi kitu kimoja. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani (AAP), katika mwongozo wake wa 2022, kinataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini mahali pake mwenyewe, angalau miezi 6 ya mwanzo. Kulala kitanda kimoja hawakuungi mkono katika hali yoyote ile. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya, ilitoa mwongozo 2021 unaomtaka mhudumu akae na mzazi wazungumze jinsi ya kupunguza hatari ya mtoto kufa usingizini: godoro gumu lililo bapa, mtoto alale chali, mito na duveti vikae mbali naye, watoto wengine na wanyama wasiwepo kitandani. Kisha unataja wasiotakiwa kabisa kujaribu: mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, mzazi anayevuta sigara, aliyekunywa pombe, aliyetumia dawa za kulevya au kumeza dawa inayoleta usingizi.

Mimi niko upande wa hao wa pili. Katazo tupu halimzuii mtu aliyechoka asisinzie. Karibuni, lakini njooni na hoja.

Muuguzi wa Watoto

Dada, hongera kwa mtoto. Naomba nitofautiane nawe.

Wewe unaona orodha ya masharti. Mimi naona kile mzazi anachoondoka nacho kichwani akishafika mlangoni: "Muuguzi kasema inaruhusiwa." Masharti yanabaki kwenye kijikaratasi, na kijikaratasi kinabaki kwenye mkoba. Tena uchovu wenyewe ni hatari. AAP wanasema hatari inapanda zaidi ya mara 10 pale anayelala na mtoto anapokuwa amezidiwa na uchovu, au ametumia dawa za kusinzisha, au anavuta sigara. Sasa nitafutie mzazi wa kichanga ambaye hajachoka nimpe ruhusa.

Na ujumbe mfupi umeshawahi kuokoa watoto wengi sana. Zamani watoto walilazwa kifudifudi, na kuna wataalamu walioshauri hivyo. Uingereza mwaka 1991, Marekani 1994, zikaanzisha kampeni yenye neno kuu moja: mlaze chali. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Hapakuwa na "inategemea". Watu walielewa kwa sababu hapakuwa na la kuchanganya.

Baba wa Zamu ya Usiku

Muuguzi, naheshimu kazi yako, ila mfano huo unakuangusha mwenyewe. Kampeni ya kulaza chali haikuwa katazo. Ilimpa mzazi kitu cha kufanya kwa mikono yake, saa hiyohiyo, hata kama amechoka vipi. Kumgeuza mtoto chali hakuhitaji nguvu. "Usisinzie" kunahitaji ile nguvu ambayo ndiyo hasa huna.

Halafu mnisikilize sisi akina baba, maana mada hizi huwa za mama na titi. Mimi zamu yangu ni chupa. Umeambiwa kitandani ni hatari, kwa hiyo unafanyaje? Unaondoka kitandani, unaenda sebuleni, unakaa kwenye sofa "ili nisilale". Unamwegemeza mtoto kifuani, taa hafifu, joto zuri. Hapo mtu anaondoka kama jiwe majini. Ni AAP haohao wanaosema kulala na mtoto kwenye sofa au kiti laini cha mikono kunaweza kuongeza hatari ya kifo hadi mara 67. Na mwongozo wao unakiri kwamba kama kuna uwezekano wa kusinzia wakati wa kulisha, bora iwe kitandani palipoondolewa mito na mablanketi kuliko sofani.

Sasa nani alikuja kumwambia baba hilo? Hakuna. Tunaambiwa kitanda kibaya, tunakimbilia kibaya zaidi, tena tukijiona tumetii.

Mama Pacha

Wangu walizaliwa kabla ya wiki 37, na uzito wao haukufika kilo 2.5. Kwangu hakuna mjadala, hawalali na mimi. Ombi langu ni moja: mkifundisha, anzeni na wale ambao hawatakiwi, ndipo mje kwenye "namna". Mzazi akisikia ruhusa kwanza, masikio yanafungwa.

Bibi wa Wajukuu

Wanangu, mnasumbuka kwa jambo dogo. Sisi tulilala na watoto wetu wote, na ndio nyinyi mnaoandika hapa.

Mpenda Takwimu

Shikamoo bibi. Kwa heshima zote, tunaoandika hapa ni tuliofika asubuhi. Ambaye hakufika hana wa kumwandikia, na enzi hizo kifo cha usiku kilipewa majina mengi yasiyohusiana na kitanda.

Nirudi kwenye mada, maana namba zinatupwa kama mawe. Kuna tafiti mbili ambazo kila upande hujificha nyuma ya mmojawapo.

Wa kwanza ni wa Carpenter na wenzake, 2013, waliounganisha takwimu za tafiti tano za nyuma. Waligundua kwamba hata mtoto anayenyonya, wazazi wote hawavuti sigara, mama hajanywa pombe, akiwa chini ya miezi 3 hatari yake akilala kitanda kimoja ni kama mara 5 ya yule anayelala mahali pake chumba hichohicho. Hii ndiyo silaha ya wanaokataza.

Wa pili ni wa Blair na wenzake, 2014, kwa takwimu za Uingereza. Wao walipoondoa sofa, pombe na sigara, hawakuona ongezeko la hatari lenye uzito wa kitakwimu, yaani kubwa kiasi cha kutodhaniwa ni bahati tu. Hii ndiyo silaha ya wanaofundisha.

Watu wakisikia "mara 5" wanapagawa, hawaulizi mara 5 ya nini. Carpenter mwenyewe alikadiria kwamba kwa familia zisizo na hatari nyingine, vifo vya namna hii ni kama 8 kwa kila watoto 100,000 wanaolala mahali pao, na kama 23 kwa wanaolala na wazazi. Tofauti ipo, na sidhani kuna anayetaka kuwa mmoja wa hao 15 wa ziada. Ila mweke mzazi huyo sofani, au mpe sigara, uone hatari inavyoruka. Mimi nikiwa na dakika tano tu za kuzungumza na mzazi, sizimalizi kwenye kitanda.

Bibi wa Wajukuu

Marahaba. Sijasema hakuna aliyekufa. Nimesema jambo dogo kwa sababu kitanda chetu kilikuwa kigumu, na hakikuwa na mito mitano kama vitanda vyenu. Mnalala juu ya mawingu halafu mnashangaa mtoto kukosa pumzi.

Mleta mada

Bibi hapo umemaliza, maana ndiyo masharti ya NICE hayo.

Mkunga Mstaafu

Nimesoma kimya, niongeze kitu ambacho wengi hamkitaji. "Kulala na mtoto" si jambo moja.

Watafiti kama James McKenna kule Marekani na Helen Ball wa Chuo Kikuu cha Durham waliwarekodi akina mama usiku kwa kamera wakiwa wamelala. Mama anayenyonyesha, bila kufundishwa, hulala ubavu akimwelekea mtoto. Mkono wake huwa kitandani upande wa juu wa kichwa cha mtoto, magoti yamekunjwa chini ya miguu ya mtoto. Mtoto anabaki usawa wa titi, mbali na mto, na si rahisi ateleze kwenda juu wala chini. Wasionyonyesha mara nyingi humweka mtoto juu zaidi, usawa wa uso, na huko ndiko mito iliko. Kwa hiyo ushauri wa mama anayenyonyesha usimpe baba wa chupa, wala bibi, wala dada wa kazi. Hao waambie wazi: lisha, beulisha, rudisha mtoto mahali pake.

Na kumlalia mtoto, ambako ndiko watu wengi hukuogopa, si hatari pekee. Uso kufunikwa na kitu laini, mtoto kunasa kati ya godoro na ukuta, joto kuzidi, hayo nayo yanaua. Ukimwambia mzazi "usimlalie", anajibu moyoni "mimi silali ovyo", na amemaliza. Ukimwambia aondoe duveti, ana kazi ya kufanya.

Mama wa Kwanza

Samahani, mimi mgeni kwenye malezi. Si kuna vile vitanda vidogo vinavyobanwa pembeni ya kitanda cha wazazi? Mbona mnabishana?

Baba wa Zamu ya Usiku

Vipo na vinasaidia, kama una pesa na nafasi, na kama kimebanwa vizuri. Kikiacha mwanya kati ya magodoro mawili, umejenga mtego. Ila mtoto akiwa hapo bado utamvuta kwako anyonye, na bado utasinzia, kwa hiyo swali linabaki palepale.

Muuguzi wa Watoto

Nimekubali la sofa, hilo nalo nalipinga kila siku. Na alichosema Mkunga kuhusu kumpa mzazi kazi ya kufanya kina maana.

Lakini ngoja niseme kitu ambacho hakisemwi hadharani. Nikimfundisha mama "namna", halafu mtoto asiamke, wa kwanza kuulizwa ni mimi. "Nani alimwambia inawezekana?" Nikiwa nimekataza, jina langu ni safi. Nyinyi mnajadili mkiwa nyumbani. Mimi nasaini.

Mleta mada

Ahsante kwa ukweli huo, sitanii. Ila ona ulivyosema: katazo linalisafisha jina lako. Mtoto je, linamfanyia nini? Mimi nikikudanganya kwamba analala peke yake, karatasi yako ni safi na duveti langu bado liko usoni pake. Afadhali uniudhi kwa maswali kuliko kuniridhisha kwa katazo.

Muuguzi wa Watoto

Na mimi nikuulize. Mama ana sigara lakini hasemi. Baba anakunywa lakini hayupo kliniki. Nimeshatoa somo la "namna" kwa mama anayeonekana hana tatizo lolote. Nimemsaidia au nimemtia moyo?

Mpenda Takwimu

Hili swali ni zito kuliko yote hapa, na takwimu haziwezi kulijibu. Anayeficha sigara atakuficha pia kitanda. Ila katazo nalo halimpati huyo.

Mkunga Mstaafu

Muuguzi mwanangu, mimi sikuwa nikitoa ruhusa wala katazo kwanza. Nilikuwa nauliza: "Jana usiku mlilalaje? Nani alikuwa kitandani? Ulipochoka ulikaa wapi?" Nauliza kama ninayeuliza habari za safari, bila kalamu mkononi. Sigara hutoka hapo, pombe ya baba hutoka hapo, sofa nayo hutoka hapo. Ukishajua, mwingine unamwambia wazi "wewe hapana, na sababu ni hii." Mwingine unamwonyesha aondoe nini kitandani na amlaze vipi. Haichukui muda mrefu kuliko kukataza, ila kalamu iweke chini.

Mama Pacha

Hiyo "wewe hapana" mimi niliambiwa hivyo, kwa sababu iliyoelezwa, na niliielewa palepale. Nisingeielewa kama ingekuwa sheria ya kila mtu.

Baba wa Zamu ya Usiku

Na baba aulizwe pia, hata kwa simu. Mimi sijawahi kuulizwa lolote zaidi ya kubeba begi.

Muuguzi wa Watoto

Sawa. Maswali ya Mkunga nitayachukua, na baba akija nitamuuliza yeye mwenyewe. La sofa nitaanza kulitaja kwa kila mzazi, anyonyeshe asinyonyeshe. Lakini kuandika kwenye kipeperushi cha kliniki kwamba kitanda kimoja kinawezekana, kwa mtoto chini ya miezi 3, hapana, hamjanishawishi. Niambieni sentensi hiyo mngeiandikaje ili mama anayeficha sigara asiisome kama ruhusa.

Mleta mada

"Kama wewe au yeyote kitandani anavuta sigara, amekunywa, au mtoto alizaliwa mdogo au kabla ya wakati: usilale naye, hata usiku mmoja. Kama si hivyo na unaona utasinzia ukinyonyesha: toa mito, toa duveti, mlaze chali, usiende sofani." Anza nayo hiyo, uikosoe.

Muuguzi wa Watoto

Nusu ya kwanza naichukua kama ilivyo. Nusu ya pili nampelekea mkuu wangu wa kitengo kesho, na najua atakachoniuliza.