Hadithi ya msichana wa kawaida katika skuli ya wanga (wachawi): ichekeshe vipi bila kutisha?

Mwalimu wa Wete

Assalamu alaikum wanajamvi. Nasomesha darasa la tatu hapa Wete, Pemba, na kila Alkhamisi kipindi cha mwisho nawasomea watoto hadithi. Vitabu vya kabatini wameshavisikia vyote, sasa wananitangulia maneno. Kwa hiyo nimeanza kuandika hadithi yangu mwenyewe, na nimekwama.

Mize ni mtoto wa Konde, wa kawaida kabisa. Anapenda mkate wa kumimina, hesabu za kugawa zinamtoa machozi, na ikifika saa tatu usiku macho hayafunguki tena. Anachukuliwa kwa makosa kwenda kusoma skuli ya wanga, kwa kuwa jina lake limelingana na la mtoto wa ukoo mmoja mkubwa wa wanga. Skuli iko chini ya magofu ya Pujini, ile ngome ya kale hapa Pemba, na kengele ya mwanzo inapigwa saa sita za usiku, kwa hiyo Mize analala kila kipindi. Wenzake wana nyungo za kurukia walizorithi kwa mabibi zao. Yeye kaja na ungo wa mama yake wa kupepetea, bado una chenga za mchele, na kila akikimbia nao ili aruke, kuku wa kijiji kizima wanamfuata nyuma. Somo la kujigeuza, darasa zima linakuwa paka. Mize anabaki kuwatilia maziwa kwenye visahani.

Mpaka hapo watoto wangu wanacheka hadi wanaegemeana. Lakini mzazi mmoja kanijia mlangoni, kaniambia kwa upole kwamba Pemba inasemwa vya kutosha, nisiwatie watoto haya mambo. Maneno yake yamenikaa. Jambo la pili ni mwisho: sitaki Mize agundue kwamba kumbe naye ana nguvu. Namtaka awe wa kawaida mpaka ukurasa wa mwisho, na bado ashinde. Ashinde kwa lipi?

Bi Mkubwa Makunduchi

Waalaikum salaam mwanangu mwalimu. Mie nimelea wajukuu kwa hadithi, na nakwambia mtoto haogopi wanga, anaogopa kiza na kimya. Basi skuli yako isiwe na kimya hata kidogo. Iwe na makelele ya skuli: mwalimu wa zamu anauliza nani kachelewa, mmoja kasahau daftari, mwengine anasingizia ungo wake umeliwa na mchwa. Mwalimu mkuu awe mwanga mkubwa anayeogopewa mpaka Unguja, halafu akiona mende apande juu ya meza. Mtoto akishamuona mkubwa juu ya meza, hofu imekwisha.

Na usiianze kikitabu. Anza "Paukwa!" wakuitikie "Pakawa!" Wape na wimbo wa kurudia, maana hadithi zetu zilikuwa na wimbo, na mtoto aliyesinzia huamka kwenye wimbo. Mize aimbe akiwa na ungo wake:

*Ungo wangu, ungo wa mama,*
*niinue kabla kuku hawajakuja.*

Utaona darasa zima linaimba, na wewe utapata pahala pa kupumua.

Pujini umechagua vizuri. Mie nilisimuliwa na watu wa Pemba kwamba Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini, alikuwa na wake wawili wasiopatana, kisima kikatiwa ukuta kati wasionane wakichota maji. Yafanye mabweni mawili ya wasichana, ukuta katikati, na kila upande unadai maji ya upande wa pili ndiyo matamu. Mize, kwa kuwa hajui ugomvi huo umeanzia wapi, anachota kote kote.

Baba Sabra, Chake

Mwalimu, mie ningekuwa mzazi wako ningekuja mlangoni vilevile, kwa hiyo niruhusu nieleze kinachotuuma.

Hii habari ya "skuli ya uchawi Pemba" hatukuianzisha sisi. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1931, alisimulia kwamba watu hutoka mbali, mpaka upande wa maziwa makuu, kuja Pemba kusomea uchawi. Karibu miaka mia sasa, na mpaka leo ukisema umetoka Pemba kuna mtu atakuangalia mikono. Mwaka 1995 wakati wa hofu ya popobawa, jini lililosemwa linavamia watu usiku, watu wazima walilala nje kwa makundi, na wengi wetu humu tunakumbuka. Kwa hiyo mzazi yule hakuwa na ushamba. Ana sababu.

Lakini nimesoma habari ya ungo na kuku nikacheka mwenyewe ofisini, na hapo nimebadilika kidogo. Naona kama mtoto wa Pemba atalicheka jambo hili kwa mdomo wake mwenyewe, litamuuma kidogo zaidi atakapolisikia kwa wengine. Ila nina masharti, na nayasema kwa dhati.

Usiweke bibi kizee anayeishi peke yake. Kila kijiji kinaye mmoja, watoto wanamjua, na kesho watampita mbio wakipiga kelele. Hao ndio wanaoumia na hadithi hizi, wala si mwanga yeyote. Walimu wako wawe na rejista, chaki na vikao visivyokwisha. Tena usitie hirizi, kombe, ubani wala aya. Vitu hivyo vina watu wake na heshima yake. Uchawi wako uwe wa kubuni mtupu, usioweza kujaribiwa nyumbani. Na wanafunzi wengine watoke huko mbali alikosema Waugh. Waje na masanduku makubwa, walie wakikumbuka ugali wa kwao, Mize ndiye awabembeleze. Hapo hadithi inakuwa imemjibu yule bwana.

Mchuma Karafuu

Nachangia kwenye mwisho tu. Nimekulia shambani, Mkoani.

Mtoto wa Konde anajua kitu ambacho hakuna mwanga wa kurithi anayekijua: karafuu. Mpe hicho. Mavuno makubwa mara nyingi hugongana na mvua za vuli, na hapo ndipo familia nzima inapoishi ikiangalia mbingu. Karafuu zinataka siku kama nne tano za jua zuri. Zikilowa kabla ya kukauka zinaharibika rangi na bei yake inaanguka. Mtoto wa miaka minane anajua kunusa mvua, anajua kukunja jamvi bila kumwaga, anajua kuivunja karafuu kwa kidole asikie kama imekauka. Hakufundishwa kwa maneno. Amekimbia na majamvi tangu alipoanza kutembea.

Basi skuli ianike karafuu zake uwanjani, maana hata wanga wanahitaji pesa za chaki. Siku ya mtihani mkuu wanga wote wanashindana kuizuia mvua, kila mmoja na maneno yake, wanabishana nani aanze, na wingu linazidi kuja. Mize anapiga ukelele mmoja tu, ule wa mama yake: "Karafuu!" Kisha anaanza kukunja.

Mnyama wake asiwe paka. Mpe popo wa Pemba, yule mkubwa wa hifadhi ya Kidike, mabawa yanapita mita moja na nusu na hapatikani porini kwengine kokote duniani. Anakula matunda, maua na majani tu, maskini, na jina la popo limechafuliwa bure. Watoto wamjue hivyo.

Mwalimu wa Wete

Nimekaa na majibu yenu usiku kucha, nashukuru sana. Baba Sabra, masharti yako nayachukua yote, khasa la bibi kizee. Nilikuwa naye mmoja sura ya pili na nimeshamtoa, nafasi yake kachukua mwalimu wa zamu mwenye rejista ndefu hadi inaburura chini. Bi Mkubwa, mende ameingia. Mchuma Karafuu, mwisho ni wako, ila nimeongeza kidogo. Hebu usomeni:

*Mwalimu mkuu alitazama uwanja. Majamvi yote yalikuwa yamekunjwa, yamepangwa barazani, hakuna hata punje moja iliyolowa. Wanga walikuwa wamerowa chapachapa.*

*"Mize binti Faki," akasema, "umetumia uchawi gani?"*

*"Nimekunja, mwalimu."*

*"Umekunja kwa maneno gani?"*

*"Kwa mikono, mwalimu. Unashika pembe hizi mbili, mwenzako anashika zile."*

*Mwalimu mkuu akafungua rejista, akaandika polepole, huku wanafunzi wote wakichungulia: kukunja jamvi, somo jipya, Jumatatu. Mwalimu: Mize. Saa: mchana, kwa sababu usiku mwalimu analala.*

Baba Sabra, Chake

Hii naipitisha. Muombe yule mzazi aje Alkhamisi akae nyuma ya darasa asikilize mwenyewe. Na mie ukinialika nakuja na Sabra.